Baba hakusema kitu: kisa cha mteja aliyerudi Nairobi na tajriba ya saikedeliki

Kuhusu uandishi wa kisa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanasihi, wanasaikolojia na madaktari wanaoanza kupokea wateja waliotumia saikedeliki (dawa zinazobadili fahamu na kuleta maono, kama silosibini na LSD) nje ya nchi na kurudi nyumbani wakiwa hawajui wafanye nini na walichokiona. Mteja ameridhia kiandikwe. Kazi yake, umri, kijiji na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa au kuondolewa. Dawa, viwango vyake na mfuatano wa siku havikuguswa, maana bila hivyo kisa chote kinapoteza maana.

Usuli

Mteja ni mhasibu wa miaka 30 na ushei, ana mke na watoto wawili, na anaishi mtaa mmoja kando ya Barabara ya Thika. Alikuwa akitibiwa sonona tangu 2021. Katika mwaka uliotangulia kisa hiki alikuwa akimeza venlafaksini miligramu 75 kila asubuhi, na ilikuwa ikimsaidia nusunusu: anaamka, anakwenda kazini, anarudi, lakini hakuna kinachomgusa.

Babake alifariki 2020, katika miezi ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi ovyo, tangu Aprili 6 hadi mwanzoni mwa Julai. Mazishi yalikuwa ya watu 15. Mteja aliyatazama kwenye simu, kwa video ya WhatsApp, na mtandao ukakatika jeneza likiwa linateremshwa. Mnasihi alilipata jambo hili kikao cha nne. Lilipaswa kuulizwa kikao cha kwanza.

Mwajiri alimtuma Uholanzi kwa mafunzo ya wiki moja. Huko uyoga wenye silosibini ulipigwa marufuku mwishoni mwa 2008, lakini trafeli, yaani vinundu ambavyo baadhi ya uyoga huo huvitengeneza chini ya udongo, viliachwa nje ya marufuku. Ndiyo sababu makambi ya wikendi ya saikedeliki ya nchi hiyo hutumia trafeli. Mteja alijisajili mtandaoni. Fomu ilikuwa na kurasa mbili na ilimuuliza kuhusu afya yake mwenyewe. Haikuuliza kuhusu ndugu zake. Kaka yake mkubwa amelazwa mara mbili kwa ugonjwa wa baipola, unaompeleka mtu kati ya sonona na mania, yaani msisimko uliopitiliza. Kisha akatumiwa barua pepe yenye mstari mmoja kuhusu dawa: aache dawa za sonona ili trafeli zifanye kazi vizuri. Haikusema aache vipi wala kwa siku ngapi.

Aliacha Jumatatu, kwa mkupuo. Jumamosi alikunywa gramu 30 za trafeli mbichi, zilizokatwakatwa na kulowekwa katika chai ya tangawizi.

Mfuatano wa matukio

Jumamosi usiku. Tajriba ilidumu saa tano hivi, muda wa kawaida kwa silosibini. Katikati yake alimwona babake ameketi kwenye kigoda uani, akipukuchua mahindi.

Jumapili asubuhi. Washiriki walikaa duara kila mmoja akisimulia. Mteja alisimulia kigoda na mahindi. Mshiriki mmoja akamwambia kwamba babake anamwita arudi nyumbani. Mwendesha kambi akaitikia kwa kichwa na kumwambia ausikilize wito huo.

Jumanne alirudi Nairobi. Kufikia Ijumaa alikuwa amemwambia mkewe kwamba anaacha kazi, anauza ploti yao ya Kitengela, na familia nzima inahamia kijijini akalime. Alikuwa akilala saa tatu kwa usiku. Alisikia mishtuko kama ya umeme kichwani, kizunguzungu, kichefuchefu, na machozi yaliyomtoka bila sababu hata akiwa kwenye matatu. Usiku, taa za magari zilimwachia mikia ya mwanga. Yote hayo aliyaeleza kwa sentensi moja: dawa bado inanifanyia kazi.

Mke alimwita mchungaji wao. Mchungaji akasema ni pepo, na akapanga siku tatu za kufunga bila maji pamoja na kesha ya Ijumaa.

Siku ya 12 baada ya trafeli, mteja alifika kwa mnasihi. Kikao cha kwanza kilikuwa cha dakika 90. Alipata alama 17 katika PHQ-9, dodoso la maswali tisa ya kupima sonona, yaani sonona ya kiwango cha juu kiasi. Swali la 9, la mawazo ya kufa, alijaza sifuri. Aliulizwa tena kwa mdomo, peke yake, na jibu likawa lile lile. Rasimu ya barua ya kujiuzulu ilikuwa kwenye simu yake.

Siku ya 15, kikao cha pili, mnasihi aliuliza swali lililogeuza kisa: mishtuko ya kichwani ilianza lini hasa? Mteja alitaka kusema Jumapili. Akanyamaza. Kisha akakumbuka Alhamisi, amesimama nje ya hoteli akingoja tramu. Kila alipoyazungusha macho kutazama upande inakotokea, kichwa kilipigwa kama na waya wa stima. Alhamisi hiyo trafeli zilikuwa bado siku mbili mbele.

Siku ya 19 alionwa na daktari wa magonjwa ya akili. Vikao viliendelea, tisa kwa jumla, kwa muda wa wiki 12.

Maamuzi na sababu zake

Mwili kwanza, maana baadaye. Mbali na swali moja la kikao cha kwanza, mnasihi alikataa kuzungumzia wito wa baba katika vikao viwili vya mwanzo, ingawa mteja hakutaka jambo jingine. Mtu anayelala saa tatu tu kwa usiku huona maana kila mahali, na maana hizo zote zina uzito sawa. Swali lililokuwa la dharura lilikuwa moja: je, huu ni mwanzo wa mania? Kaka ana baipola, mteja halali, ana mpango mkubwa wa ghafla, anataka kuuza mali. Karatasini inaonekana hivyo kabisa.

Swali lililosaidia kutenganisha lilikuwa jepesi: ukiamka saa tisa usiku, mwili unataka nini? Mwenye mania huamka na nguvu, hana haja ya usingizi, anataka kuanza kazi. Huyu alijibu: nataka kulala, nalia kwa sababu siwezi. Alikuwa amechoka. Maneno yake hayakukimbizana, hakuwa amefuja pesa, hakujiona mkubwa. Hilo halikutosha kuondoa hofu, lakini lilitosha kusubiri miadi ya daktari badala ya kumpeleka hospitalini usiku huo.

Kurudisha dawa lilikuwa jambo la daktari, na halikuwa rahisi. Venlafaksini hutoka mwilini haraka, ndiyo maana kuiacha ghafla huleta mishtuko, kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi ndani ya siku chache. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa wiki moja au mbili, ila kwa wengine hujikokota zaidi. Tiba yake ni kuirudisha dawa, kisha kuipunguza polepole kama mtu anataka kuiacha. Lakini dawa hiyo hiyo, kwa mtu mwenye baipola iliyojificha, inaweza kumsukuma kwenye mania. Daktari alimhoji mteja na mke kwa pamoja, akajiridhisha, akaanzisha miligramu 37.5 baada ya kifungua kinywa, na akataka mke apige simu mara moja mteja akianza kulala chini ya saa nne bila kuchoka. Siku mbili baadaye mishtuko ilikuwa imekwisha. Baada ya wiki mbili dawa ilirudi 75.

Makubaliano ya siku 30. Mteja aliandika kwa mkono wake kwamba kwa siku 30 hatajiuzulu, hatauza ploti, hatakopa, na hatatangaza jambo kwa ukoo. Hakuambiwa mpango wake ni mbaya. Aliambiwa kwamba kama wito ni wa kweli, utakuwepo mwezi ujao. Alilikubali hilo kwa urahisi kuliko ilivyotarajiwa, na tunadhani alikuwa akingoja mtu amruhusu kutulia.

Mchungaji hakupuuzwa. Kwa ruhusa ya mteja, mnasihi alimpigia simu. Mazungumzo hayo yaliandikwa kwenye faili, na yanastahili kunukuliwa:

"Mchungaji, sipingi maombi. Naomba tu usiku awe amelala."

"Dada, pepo halina saa za kazi."

"Najua. Lakini dawa yake humezwa na chakula, na akikesha atazidiwa. Akishapona mkeshe mwezi mzima."

Mchungaji alicheka. Walikubaliana maombi yafanyike Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya chai, na kufunga kuahirishwe. Kesha na kufunga kavu, kwa mtu asiyelala na mwenye ndugu wa baipola, ni hatari halisi. Hatari hiyo ilielezwa kwa lugha ya chakula na usingizi, na hakuna aliyelazimika kushinda ubishi kuhusu pepo.

Safu nne. Kuanzia kikao cha tatu ndipo intigresheni ilipoanza, yaani kuichambua tajriba na kuipa nafasi yake maishani. Kifaa kilikuwa karatasi ya fulskepu iliyogawanywa safu tatu: nilichoona, nilichohisi mwilini, nilichoamua kuwa ndiyo maana yake. Mteja alijaza mstari wa kwanza hivi: baba kwenye kigoda, anapukuchua mahindi, koo limebana, mikono baridi, baba ananiita nirudi nikalime.

Mnasihi akachora safu ya nne: maana hii ilitoka wapi, na lini? Mteja aliishika kalamu kwa muda mrefu. Akaandika "Jumapili, kwenye duara", akakata, akaandika tena. Akaulizwa babake alivaa nini. Koti la kijivu. Alitazama wapi? Chini, kwenye ungo. Aliinua uso? Hapana. Mdomo wake ulisogea? Kimya. Halafu: sikumbuki akisema.

Kukataa kuambatana naye tena. Katika kikao cha tano mteja alisema ameambiwa kuna nyumba nje ya jiji ambako uyoga hutolewa, akataka mnasihi awepo. Silosibini ni haramu nchini, na imo katika jedwali la kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Mnasihi alikataa kuwepo, kutayarisha au kupendekeza mtu, na akasema hivyo waziwazi. Hata hivyo hakunyamaza kuhusu usalama: historia ya kaka, hatari ya kuacha venlafaksini tena, na hatari kubwa zaidi ya kuchanganya dawa hiyo na kinywaji cha ayahuasca, ambacho kina vizuizi vya MAO, kimeng'enya kinachovunja serotonini, na kinaweza kusababisha sumu ya serotonini, yaani serotonini kuzidi mwilini. Mteja aliuliza pia kuhusu ketamini, ambayo hospitali hutumia kama dawa ya usingizi wakati wa upasuaji na ambayo kwa sonona hutolewa kwa kawaida miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mwili, kwa dripu ya dakika 40. Swali hilo lilipelekwa kwa daktari. Ketamini hupandisha shinikizo la damu, venlafaksini nayo huweza kulipandisha, na la mteja lilikuwa tayari limeanza kupanda. Iliachwa.

Matokeo

Kufikia wiki ya 12 PHQ-9 ilikuwa 6. Usingizi ulikuwa saa saba. Mikia ya mwanga ilipungua hadi wiki ya sita, kisha ikabaki kidogo sana, hasa anapoendesha gari usiku. Alishauriwa asiendeshe giza likishaingia, na aepuke bangi, ambayo inaweza kuifanya hali hiyo irudi kwa nguvu.

Ploti haikuuzwa. Kazi hakuiacha. Wiki ya nane alisafiri kijijini na familia yake. Alikuta saruji ya kaburi imepasuka upande wa kichwani. Alinunua mifuko miwili ya saruji, akamtafuta fundi, akakoroga naye kwa mikono yake mwenyewe. Alipoulizwa kama aliona au kusikia chochote pale, alisema hapana, mgongo tu ndio uliouma. Mama yake alimwonyesha kigoda. Bado kipo, mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Bado anazungumzia kujenga kijijini siku moja. Mkewe anapinga. Ni mjadala wa kawaida wa nyumba nyingi za Nairobi, na haumhitaji mnasihi.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi kuliko yote ni lile swali la tarehe. Mteja, mke, mchungaji na kambi, kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya mishtuko, na maelezo yote yaliianzia Jumamosi. Kalenda iliyavunja yote kwa mara moja. Anayepokea mteja wa namna hii aandike mistari miwili ya siku, mmoja wa dawa za hospitali na mwingine wa saikedeliki, kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Ulinganisho unaonyesha pengo lilivyo. Katika jaribio la silosibini ya maabara lililochapishwa 2022, lenye washiriki 233 wenye sonona sugu, waliokuwa na dawa za sonona walizipunguza chini ya uangalizi na kukaa walau wiki mbili bila dawa kabla ya kupewa miligramu 25, 10 au 1. Walichujwa pia kwa historia ya magonjwa mazito ya akili. Huyu alikuwa na siku tano na barua pepe. Wala gramu 30 za trafeli hazigeuziki kuwa miligramu fulani za silosibini, kwa kuwa nguvu hutofautiana kutoka fungu hadi fungu. Kwa hiyo kumwambia mteja kwamba alitumia "dozi ya utafiti" ni kumdanganya.

La pili ni safu ya nne. Saikedeliki hulainisha akili kwa maneno ya wengine. Utafiti mdogo wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba chini ya LSD watu wenye afya walipokea mapendekezo kwa urahisi zaidi. Hatukupata sababu ya kuamini kwamba ulaini huo huisha kabisa asubuhi inayofuata, mtu akiwa hajalala, ana njaa, amezungukwa na wageni wanaomtazama kwa upendo. Kilichosemwa kwenye duara kiliingia ndani ya picha na kuvaa sauti ya baba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini maneno machache ya mgeni yalikaribia kuuza ploti. Kama maneno hayo yangekuwa "babako alikuumiza", kisa hiki kingekuwa cha polisi na ukoo uliosambaratika, na ushahidi wake ungekuwa dhaifu vile vile.

Ndiyo sababu kosa la kikao cha kwanza lina uzito. Mnasihi aliuliza: "Baba alikuambia nini?" Swali hilo limeshaamua kwamba baba alisema, na mteja alijibu kwa ufasaha, kwa sentensi ambayo hakuwahi kuisikia. Swali sahihi lilikuwa "kulikuwa na nini?", halafu kusubiri. Mnasihi aliligundua alipokuwa akisoma maandishi yake kabla ya kikao cha tatu, akamwambia mteja kwamba aliuliza vibaya. Kukiri huko kulisaidia: mteja aliona kwamba hata mtaalamu anaweza kuweka neno kinywani mwa marehemu, na akawa tayari kutafuta nani mwingine aliyefanya hivyo.

Rufaa ilichelewa. Siku saba zilipita kati ya kikao cha kwanza na daktari, kwa sababu mnasihi alingoja kikao cha pili ili awe na uhakika. Mtu aliyeacha venlafaksini ghafla, asiyelala, na mwenye ndugu wa baipola apelekwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Bahati haikuwa mpango.

Kuna pia huzuni iliyokosekana kwenye karatasi. Kwa vikao vitatu mteja alihudumiwa kama mtu wa saikedeliki, kumbe alikuwa mtu ambaye hakumzika babake. Mara mazishi ya simu yalipotajwa, kigoda na mahindi havikuhitaji tafsiri nyingi. Mteja mwenyewe ndiye aliyesema kwamba baba alikuwa akifanya kazi yake ya kila jioni, na kwamba yeye alikuwa amesimama tu mlangoni akimwangalia, kama alivyoangalia simu. Mnasihi hakuongeza neno.

Kosa la mwisho la mnasihi linamhusu mke. Alikaribishwa kikao cha tano, baada ya mwezi mzima wa kulala na hofu na kulinda hati za ploti. Alikuja na simu yake. Usiku ule wa Jumamosi, saa mbili baada ya tajriba kuisha, mumewe alimtumia ujumbe wa sauti kwa lugha ya kwao, sekunde 40, kisha akaufuta kwenye simu yake bila kukumbuka. Yeye hakuufuta. Aliucheza mezani. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia na kumaliza, na mteja akaitafsiri mwenyewe: nimemwona baba, ameketi tu, hakusema kitu, nimefurahi. Mke akasema alikuwa akingoja aulizwe.